Mateso Yenye Mito Miwili

Jumatatu, 6 Oktoba

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi peke yangu: kuanzia leo namiliki mto wa pili. Mama mwenye duka kauleta mwenyewe, bado uko kwenye nailoni. Eti kaniona nikijikandakanda shingo kwenye cherehani. Mmoja wa kichwa, mmoja wa kukumbatia. Nimejilaza katikati kama mheshimiwa.

Saa nane mchana. Nje jua la huku ng'ambo linakaanga, mji mzima umefunga milango, hata paka hawaonekani. Kazini tunarudi saa kumi. Kulala mchana! Nyumbani ningejilaza saa hizi wangeita jirani aje anipime homa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niandike raha za huku, maana hakuna ninayeweza kumsimulia. Chumba cha kushonea kina pazia zito na hakuna mwanamume anayelivuka. Mafundi wanne, wote wanawake. Mwenye kuleta vitambaa anagonga, anaweka mlangoni, anaondoka. Basi humo ndani Bibi Mikasi, mkataji wetu, anavua viatu, anavua kilemba, anavua na adabu. Leo katuigizia mwendo wa bibi harusi mmoja aliyekuja kupimwa, mpaka nikajichoma sindano.

Nikitoka navaa baibui. Chini ya baibui nina fulana ya mume wangu yenye matundu. Nani ajue? Na njiani hakuna anayenisimamisha kuniuliza mtoto wa pili lini.

Sasa ubaya wake. Nyumbani wanajua nalala sakafuni.

Sikudanganya — mwanzoni. Nilipofika kitanda kilikuwa hakijaletwa. Nikalala chini siku chache, nikapiga simu nalia. Walivyonihurumia! Mume wangu, ambaye hunipigia kuniuliza soksi zake ziko wapi, na mimi niko ng'ambo, akawa mpole ghafla. Hakuna aliyeniomba kitu. Kitanda kilipokuja nikasema nitawaambia kesho. Kesho hiyo sasa ina mwaka na zaidi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mapumziko. Simu ya nyumbani. Binti yangu kaniambia, kama anayeniambia habari za kuku, kwamba bibi yake naye analala kwenye mkeka. Tangu lini? Tangu zamani. Mama mkwe akamnyang'anya simu, akamkemea kwa kuropoka. Halafu kwa sauti ya chini:

"Sasa mwanangu, nipande kitandani na wewe uko sakafuni?"

Na magoti yale! Asubuhi wifi yangu humwinua kwa kumshika kwapani, kama gunia.

Nilitaka kusema. Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika hata kidogo.

Nikautupa mto wa pili chini, kwa hasira ya kujichukia. Baadaye nikauokota. Sakafu ina vumbi.

Jumanne, 14 Oktoba

Mume wangu kapiga, sauti ya mtu aliyeficha zawadi mgongoni. Dada yake anakuja. Wifi yangu! Wakala yuleyule aliyenileta mimi, duka hilihili — mama mwenye duka alikuwa anatafuta fundi wa tano. Chumba hikihiki. Ukoo umekaa, umeona si haki niteseke peke yangu. Kumwinua mama asubuhi, kasema, atamwinua yeye mwenyewe, kama vile anajua mama yake huamka saa ngapi.

Wifi kasikika kwa nyuma akipaza sauti: nimwachie upande wa sakafu usio na mende.

Huyu ni mtu anayehesabu vipande vya nyama kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimekwisha.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimefanya jambo la aibu.

Mama mwenye duka kaniuliza wifi yako ni mtu wa namna gani. Mguu ukaganda kwenye cherehani. Nikaona njia. Nikasema ni mvivu.

Nimesema hivyo juu ya mwanamke anayemwogesha mwanangu. Anayemsuka, anayempeleka shule. Juu ya mwenye mikono ile ya ufundi!

Mama mwenye duka kacheka tu. Kasema hata mimi siku zile za kwanza alinidhania mvivu, maana nilikuwa nalia kutwa. Na tiketi imeshatoka.

Kwa hiyo nimemchafua mtu bure.

Jumatano, 22 Oktoba

Maandalizi. Nimejaribu kukifanya chumba kiwe fukara. Nimeondoa zulia, nimeficha birika la umeme kabatini. Lakini kitanda mtu anakificha wapi? Na chake nacho kimeletwa leo, kipya, kina droo.

Bibi Mikasi kanikuta naburura godoro, akauliza nimepatwa na nini. Nikamweleza yote. Nilidhani atacheka, maana huyu hucheka hata msibani. Hakucheka. Kasema mpigie mama wa watu, alale kitandani.

Nikasema kesho.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wifi kafika asubuhi, kanenepeana na masweta aliyoyavaa yote ili begi lisizidi uzito.

Akasimama katikati ya chumba. Akatazama kitanda, akatazama kitanda cha pili. Akabonyeza godoro kwa kidole, kama anajaribu unga wa maandazi. Akaingia bafuni, akafungua maji ya moto, akafunga. Mimi mlangoni. Hotuba niliyoipanga wiki nzima imepotea.

"Wifi."

"Abee."

"Hii ndiyo sakafu?"

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Akavua viatu, akajinyoosha chali, akakodolea dari kwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, kwamba tangu azaliwe hajawahi kulala chumba ambacho hakuna mtu wa kumwita.

Simu ikalia. Mama mkwe. Nikanyoosha mkono — na safari hii ningesema, naapa ningesema. Wifi akaiwahi. Akiwa vilevile chali, akatoa sauti ya mgonjwa, sijui kaitoa wapi:

"Tumefika, mama. Hivyohivyo tu. Mtuombee."

Lakini akamsihi apande kitandani, jamani, magoti yale. Akamsihi kweli, mpaka sauti ya mgonjwa ikamponyoka ikabaki yake. Jibu la mama mkwe nililisikia hata mimi:

"Alikuwa mmoja, sasa mko wawili huko chini. Nipande vipi?"

Wifi akanipa simu niseme neno. Nikasema shikamoo, mama. Akaitikia marahaba, mwanangu, jikaze. Nikasema najikaza.

Tukakaa, kila mtu na kitanda chake. Hatukutazamana. Halafu wifi akauliza chakula cha mchana huletwa saa ngapi.

Saa saba. Leo ni kuku.