Umeuliza kama kuna mwingine aliyekosa mimba

Mujukuu wangu Mireille,

Hapa Likasi tuko wazima. Mudogo wangu, nkambo aliyemuzaa mama yako, anakusalimia. Swali lako nimelisoma. Aliyekosa mimba kwetu ni miye.

Mudogo wangu alipozaa wa tatu, aliniwekea mutoto mikononi. Kwa wivu nikashindwa kumupongeza. Mama mukwe akasema mbele ya wote, "Huyu bamemuloga." Mume wangu akaoa mwingine.

Sasa munganga wa hospitali amekueleza kwamba milango ya kuingiza kolesteroli, mafuta ya kutengenezea homoni za mimba, kwenye ovari zako imeumbwa tofauti, kwamba ni jambo la kurithi, na dawa ya kujaribu iko. Labda yangu pia ilikuwa hivyo. Nimekulilia, mutoto wangu. Lakini wivu umenirudia: umeandika kwamba munganga alipokuwa akieleza, mume wako alikushika mukono.

Akushike hivyo siku zote.

Nkambo wako Albertine