Hatua themanini

Adelina, leo Jumamosi tarehe 16 Mei, mtaa wetu wa Mount Dennis umeamka na mvua ya baridi, mimi nimeamka na furaha. Furaha yenyewe imeisha.

Unajua safari yetu ya Kroatia mwezi wa saba, na Mama mkwe anavyotamani kutia miguu baharini mara moja kabla ugonjwa haujammaliza. Kuchagua ufukwe nilipewa mimi. "Wewe ndiye msomi wetu wa jioni," walisema. Nilifunga siku tatu, nikasali, nikachagua. Tangazo lilisema nyumba iko 'eighty steps' kutoka ufukweni. Kwenye darasa langu la Kiingereza la jioni niliandika kwamba step ni hatua. Hatua themanini! Kiti chake cha magurudumu kinafika bila shida.

Leo wifi Nuria kalisoma tangazo mbele ya wote. Kisha kasema: "Wifi, hizi ni ngazi. Ngazi themanini za mawe."

Ngazi, Adelina. Ngazi!

"Hiyo shule yenu inafundisha nini?" mmoja wao akafoka. Nyumba haibadilishwi tena, na kwingine kumejaa. Kumbeba haiwezekani, hata kumwinua kitandani analia kwa maumivu ya mifupa.

Mama mkwe ndiye aliyeniumiza. Hakufoka. Kasema, "Msimgombeze. Mtaniacha juu, nitawaangalia."

Mtaniacha juu. Bado nasikia.

Nikasimama mbele yao, nikasema kwa sauti: "Mama, Mungu ananisikia na hawa wananisikia. Ukibaki juu, nabaki na wewe. Sitagusa maji."