Taa Niliyomtegea Mwizi Ilimmulika Mama Yangu

Kwa Bi Khairiya, mshauri wetu wa gazetini,

Assalamu alaykum. Mimi ni msomaji wako wa kila wiki hapa Wingwi, Pemba, na leo nimeshika kalamu kukuomba unisaidie, kwani nimefanya jambo kwa nia njema nikamtia aibu mama yangu mzazi, na sijui nianzie wapi kulitengeneza.

Mimi ni fundi wa malori, nina mke, Time, na watoto wawili, na mama yangu, Bi Mwanawema, ambaye ni mjane mwaka wa saba huu, anakaa nasi katika chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uani, na kusema kweli tunaishi kwa raha, alhamdulillahi, ila mwaka jana tulikwenda harusini sote, tuliporudi tukakuta mlango umevunjwa na cherehani ya mama imechukuliwa, akalia kama aliyefiwa, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akishonea nguo za watu tangu mimi ni mdogo.

Basi nikasema mwizi hatatuingilia tena, nikachukua betri ya lori na honi ya lori bovu, nikapigilia vipande viwili vya shaba kwenye mlango wa mbele, nikawa nautega kila usiku, mlango ukifunguliwa vinagusana na honi inalia, na mwizi alipojaribu tena, siku moja baada ya Isha, ililia kweli na majirani wakatoka na fimbo, lakini kiza kilikuwa kikubwa, wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, jirani yangu Bakar akala fimbo ya bega na mwizi akaenda zake salama. Hapo nikaona honi bila taa ni kazi nusu, nikachukua taa ya mbele ya lile lori nikaifunga juu ya mti wa mpopoo uani na kuiunganisha na honi, mara ya kwanza waya ukashika moto kwa kuwa ulikuwa mwembamba na vitu viwili vinavuta umeme pamoja, nikatia waya mnene na fyuzi, ikakaa sawa, mlango ukifunguka honi inalia na uani kunakuwa kama mchana, na havizimi mpaka nibonyeze swichi iliyo kichwani mwa kitanda changu. Watu walikuja hata kutoka Shumba kuutazama mtambo huo, nami nilifurahi, sikufichi.

Kosa langu ni kwamba Jumatano moja nilivuta waya mpaka mlango wa nyuma, wa mama, naye alikuwa kwa jirani, na aliporudi nikasahau kumwambia.

Kesho yake alfajiri honi ikalia. Nikaruka na fimbo, nikatoka mbio bila kuigusa ile swichi, na majirani nao wakatoka, tukazunguka nyuma ya nyumba, na pale katikati ya taa alikuwa amesimama mama yangu, ameshika mlango, na mbele yake Mzee Mabruki, fundi wa viatu, amevaa kanzu yake ya kwendea msikitini na mkononi ana mkate wa mofa uliofungwa kwa jani la mgomba, bado unatoka moshi.

Honi ilikuwa bado inalia. Mzee Mabruki hakukimbia. Akasema, "Hapana mwizi hapa. Ni mie, nimekuja kuchukua mkate." Mama akajifunika uso kwa kanga, akaingia ndani. Jirani mmoja, Bi Tatu, akacheka, na wengine wakamfuata, na taa ikaendelea kuwamulika mpaka Time alipoibonyeza ile swichi ya kitandani.

Nilimwuliza Time kama alijua, akanambia, "Nani asiyejua? Mie najua tokea msimu wa karafuu wa mwaka juzi. Hupita akienda kusali, mama humpa mkate, husalimiana, basi. Hata kizingiti havuki."

Tangu siku ile mama hatoki uani mchana, chakula anakula chumbani, na nilipomwomba radhi alisema tu, "Si kitu, mwanangu." Juzi amefunga sanduku lake, anasema mwezi ukiandama atakwenda Shumba kukaa kwa kaka yake, mjomba wangu Khatib, na watoto wamelia, na mimi mwenyewe nimelia kwa siri nyuma ya gereji.

Na huyo Mzee Mabruki siku ya nne yake alikuja gereji, akakaa juu ya tairi bovu, akaniuliza hali ya watoto, akaniuliza hali ya mama, kisha akasema, "Tokea kufa mke wangu nyumba yangu imekuwa kubwa kwa mtu mmoja." Nikamjibu kwamba nyumba kubwa yenye mtu mmoja ndiyo wezi wanaipenda, nikamwahidi kumfungia honi na taa kama zangu, akanitazama, akashukuru, akaondoka.

Sina ugomvi naye, ni mtu wa dini na mpole, ila wazee wake walitoka Bara kuja kuchuma karafuu wakabaki hapa, na kuna watu wanaonong'ona kwamba hatujui asili yake. Je, Bi Khairiya, niung'oe mtambo ili mama asiondoke, au nimkataze mzee yule asipite tena kwetu, au nifanye nini? Tafadhali ficha jina langu.

Ni mimi,
Fundi, Wingwi

*

Fundi,

Wa alaykumu salaam. Jina lako nimelificha na ya wenzako nimeyabadilisha, ingawa sidhani kama Wingwi ina nyumba nyingi zenye honi ya lori.

Kwanza nikupe haki yako. Wewe ni mtoto mwema. Mama yako aliibiwa, ukakesha na nyaya ili asiibiwe tena. Wako wengi wanaoniandikia hapa ambao hawajui hata kama mama zao wamekula.

Sasa nikugombeze. Ulitega mlango wa mtu mzima bila kumwambia. Ule ni mlango wake, naye si mtoto wala si mwizi. Umemwomba radhi, lakini sidhani kama ulimwambia unaomba radhi kwa lipi. Mwambie: "Mama, nilikosa kuuchezea mlango wako bila ruhusa yako." Neno hilo moja.

Mtambo usiung'oe. Uache mlango wa mbele kama ulivyo. Wa nyuma mtilie mama swichi yake mwenyewe, chumbani kwake, ya kuwasha na kuzima atakapo. Na hiyo ya kwako, siku nyingine izime kabla hujashika fimbo.

Hayo ndiyo mepesi. Mazito ni kwamba umetazama mambo mawili kwa macho yako na hukuyaona.

Mzee wa watu ametoka kwake, amekaa juu ya tairi bovu, amekuuliza hali ya mama yako na kukueleza kwamba nyumba yake ni kubwa kwa mtu mmoja. Amekuja kuposa, Fundi. Wewe ukamwahidi honi. Nimeicheka barua yako mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini, kisha nikamhurumia yule mzee njia nzima ya kurudi kwake.

La pili. Unadhani mama yako anakimbia aibu. Labda. Lakini mimi naona mwanamke anayekwenda kwa walii wake. Wewe ni mwanawe, si walii wake. Anayemwozesha ni kaka yake, na huyo yuko Shumba. Kama sijakosea, mama yako amepanga mambo yake kwa akili zaidi yako na yangu, bila kupiga kelele. Ukiwa na shaka, mwulize shehe wenu.

Habari za asili ya mtu ziache. Umeandika kwa mkono wako kwamba ni mtu wa dini na mpole. Amesimama mbele ya fimbo zenu akajitaja ili mama yako asitukanwe, naye angeweza kukimbia. Wanaonong'ona, hata mmoja wao hakufanya hivyo, walicheka.

Basi fanya hivi, na ufanye kabla mwezi haujaandama. Leo baada ya Alasiri nenda kwa Mzee Mabruki, usimzungumzie nyaya. Mwambie, "Baba, juzi sikukufahamu. Nieleze tena." Kisha sikiliza mpaka amalize.

Ukitoka hapo, mchukue mama yako Shumba wewe mwenyewe, sanduku ulibebe wewe, watoto waende pia. Mwambie mjomba wako, mama akisikia, kwamba wewe huna pingamizi. Sema hilo tu, usihutubu. Halafu nyamazeni wanaume wote wawili, mumwulize mama yako anataka nini, na atakalolisema ndilo liwe.

Bi Khairiya