Kwa Akinyi, Aliyeshushwa Mlimani Kabla ya Kufika kwa Wainka

Binti yangu Akinyi,

Barua yako kutoka Peru imenifikia hapa Kisian, nimeisoma mara mbili. Unasema huko juu mlimani kichwa kilikuuma kama kinapasuka, ukatapika, na mwongozaji akakushusha kabla hujauona ule mji wa mawe wa Wainka. Profesa wako anapanda tena mwezi ujao na amekuwekea nafasi, lakini wewe unataka kurudi nyumbani.

Unakumbuka tulipoenda South Nyanza kumzika shangazi yako, mzee mmoja akatupeleka kilimani kuona ohinga, lile boma la mawe la watu wa kale? Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na kikapu cha samaki wa matanga kichwani. Unakijua kichwa changu: kutoka ziwani mpaka sokoni Kisumu sigusi kikapu kwa mkono, na hakuna mwanamke aliyeniweza. Mzee akasema nitue mzigo, mlango ni mfupi. Nikakataa. Nikakunja magoti, shingo wima kama askari. Jiwe la juu likanivua kikapu, samaki wote chini.

Mzee akasema taratibu, "Mama, mlango huu ulijengewa watu wenye shingo kama yako."

Nilinuna. Lakini wewe ulikuwa umeshaingia, unapima ukuta kwa viganja, unamuuliza nani aliyapanga mawe haya bila simiti. Hakujua. Ukamwambia, "Basi nitatafuta mimi."

Tangu siku hiyo nimewaambia mabibi wa Milimani, mtaa wa matajiri, ninaowauzia samaki kwamba mtoto wangu atawapita mabwana zao kwa masomo. Nilidanganya?

Usirudi kwa aibu, mama. Mwongozaji akisema pumzika, pumzika. Akikupa majani yao ya koka ya kutuliza kichwa utafune, tafuna. Yeye ndiye anaujua mlima.

Sasa nikuambie kosa langu. Kabla barua yako haijafika, nilisimama kanisani nikatangaza kwamba umeshafika kwa Wainka. Walipiga makofi mpaka pasta akawatuliza. Najua unaogopa kuniaibisha mbele yao. Usiogope. Jumapili nitasimama tena niseme Akinyi hajafika, aliugua, atapanda tena. Wakicheka, wacheke. Wewe panda kwa sababu unataka kujua, si kwa sababu ya mdomo wangu.

Naishia hapa nikapige pasi gauni langu la bluu. Hata nikienda kukiri kosa, lazima nipendeze kuliko wote.

Ni mimi mama yako,
niliyekuzaa na bado najisifu