Salamu Iliyobaki Mlangoni

Kasokola, Jumapili jioni. Mvua imepita upande wa Kabungu bila kutugusa, imetuachia ubaridi tu. Nimekaa barazani, moyo umetulia kuliko ulivyokuwa asubuhi.

Leo naandika kwa kalamu, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, maana macho yangu hayaoni tena maandishi madogo. Binti yangu Goreti, anayeishi Mpanda mjini, atayachapa na kuyaweka hapa kwenye blogu. Kwa kawaida huandika kwenye kifaa changu. Leo sitaki kukichosha.

Ni chombo cha kusikilizia muziki, kinaenea kiganjani, lakini ndani ni kompyuta nzima: vitabu, kalenda, mahali pa kuandika, kinasa sauti. Hakiingii laini, na majirani hawachoki kuniuliza hiyo simu yangu inampigia nani.

Kwangu mimi ni maktaba. Nakuza herufi mpaka neno moja linajaza nusu ya kioo, ndipo nasoma. Tangu nilipotoka Burundi nikiwa kijana nimehamahama, na kila nilipohama niliacha vitabu nyuma. Hivi vya ndani ya kioo ndivyo vya kwanza kuhama na mimi.

Sasa kinaganda. Vitabu havifunguki kabisa, sauti tu ndizo bado zinacheza. Juzi nilikipeleka kwa fundi mjini.

"Mzee wangu, hiki dawa yake ni kukifuta, kirudi kama kilivyotoka dukani," alisema. "Kompyuta yangu haikisomi. Kikiamka, binti yako atakurudishia vitabu."

"Na sauti zilizomo?"

"Hizo zinaondoka. Ni nyimbo gani kwani? Nitakuwekea kali zaidi."

Si nyimbo. Ni Skolastika.

Skolastika alikuwa rafiki wa dada yangu Domitila tangu utotoni. Tulipotoka Burundi sisi tuliangukia huku, yeye kwenye makazi ya Mishamo. Wanawake wa kwetu wakikutana baada ya muda mrefu husalimiana kwa kuimba. Wanashikana mikono, mmoja anaimba, mwenzake anadakia katikati, mpaka hujui sauti ipi ni ya nani. Salamu hiyo tunaiita akazehe. Mgeni haingii ndani kabla haijaisha.

Mara ya mwisho alipotutembelea nilitaka kuihifadhi. Nikabandika kipaza sauti kwenye kitenge chake, nipate sauti safi. Nilipata safi kweli, ila ya kwake peke yake. Anaimba, ananyamaza, anaimba, ananyamaza. Domitila hasikiki hata kidogo. Nilikusudia kuifuta.

Kisha Skolastika akafariki. Domitila hajaimba tangu hapo.

Leo baada ya misa niliwasha nimsikilize kwa mara ya mwisho, kabla ya kurudi kwa fundi. Nilidhani dada yuko shambani.

"Baba Goreti!" Sauti ilitoka jikoni. "Nani huyo unamwacha mlangoni?"

Nikabonyeza kuzima. Kikaganda, Skolastika akaendelea. Domitila alitokea, unga mikononi, akasimama kama aliyesahau alichofuata.

Skolastika akanyamaza pale anaponyamazaga. Domitila akaingia.

Hakusitasita. Aliingia kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akatoka, akaingia tena, na kila pengo nililoliona uharibifu lilikuwa na kipimo chake kamili. Nilishika kile kifaa kwa mikono miwili, sikuthubutu kujikuna.

Walipomaliza, dada alifuta macho kwa kiwiko.

"Alikuwa anakimbiza sana. Nilimwambia siku zote, mwache mwenzako apumue." Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo mimi ulinikata?"

"Kipaza sauti hakikufika kwako, dada."

"Na kusoma kote huko!"

Tulicheka. Ndipo likanijia jambo dogo mno. Nilikuwa najiuliza sauti itatokaje kwa waya wa kompyuta, na kumbe imeshatoka kwa hewa, mbele ya pua yangu. Goreti ana simu. Tunaiweka kwenye benchi, Skolastika anaimba, Domitila anadakia, simu inanasa wote wawili.

Nikamweleza. Alikung'uta unga mikononi.

"Halafu huyu wa humu unamfuta?"

"Nisipomfuta sisomi tena."

Aliniangalia machoni, haya macho yangu yaliyochoka, nami sikujua angejibu nini. Ningekubali lolote. Nadhani ningekubali.

"Basi tumsalimie vizuri kwanza," akasema. "Na wewe usome."

Nimempigia Goreti kwa simu ya jirani, kesho anakuja. Domitila ameshatoa kitenge chake cha kanisani, amekitundika mlangoni. Nimemwambia simu itanasa sauti tu, haitamwona alivyovaa.

Amenijibu kwamba Skolastika anatoka mbali.