Kicheko Changu Kwenye Kanda ya Mazishi Yako

Mama,

Shikamoo. Huku Mjimwema hatujambo kimwili tu. Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe.

Yule mpiga video aliyeagizwa na kaka Deo arekodi mazishi yako alimpelekea kanda Dar es Salaam. Kaka hakuwahi, mvua zilikata barabara, basi akakuzika kwa kutazama runinga. Humo akaniona mimi, kando ya jeneza, nacheka hadi magego yanaonekana.

Nilicheka kweli. Mtani wetu, yule Mhehe fundi baiskeli, alikuwa amevaa gauni lako la kijani na kilemba chako, ananifokea kwa sauti yako: "We Agnesi, ugali gani huu, wa kuzibia nyufa?" Mama, ni wewe mtupu! Nani angejizuia? Kazi ya mtani msibani si ndiyo hiyo, kumwigiza marehemu hadi wafiwa wacheke? Lakini mpiga video aliona mtani atamharibia kanda ya heshima, akamwacha nje ya picha. Sauti zetu nazo akazifuta, akaweka kwaya. Nimebaki mimi, nacheka peke yangu.

Sasa kaka hapokei salamu zangu. Ametuma neno kwamba nilikuwa nasubiri ufe. Mimi, niliyekuogesha na kukulisha hadi mwisho! Shangazi naye kapata nakala ya kanda, kaazima deki ya video, anaita majirani, wanarudisha nyuma, wanasimamisha picha kwenye meno yangu. Hata waliocheka pamoja nami siku ile, wameshika mbavu, leo wanatikisa vichwa. Wanaiamini kanda kuliko masikio yao. Washenzi wakubwa.

Najua nawe ulikuwa na jicho la msibani. Ulirudi ukituambia nani kalia na nani kajipaka mate. Lakini ulikuwa umekaa palepale mkekani, na ukimsingizia mtu alikujibu. Kamera nitaijibu vipi?

Kaka anakuja kujenga kaburi lako, na mpiga video yuleyule. Shangazi ananishauri safari hii nilie vizuri, kaka aone, yaishe. Namtaka kaka yangu, Mama, sikufichi. Ndiye pekee niliyebaki naye. Lakini kulia kwa ajili ya kamera, hapana, nakuahidi. Nitamshika Deo mkono nimpeleke mbele ya mtani, asikie mwenyewe unavyonifokea. Akicheka, ni kaka yangu. Asipocheka, arudi Dar na kanda yake.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Agnesi