Damu Inavyopanda Kutoka Miguuni

Akello mjukuu wangu,

Huku Kisugu hatujambo. Babu yako anakusalimu, na kuku wako ameanza kutaga. Unauliza damu hupandaje kutoka miguuni hadi moyoni. Mimi nilijua nikiwa kuruta wa polisi. Kwenye gwaride nilisimama kama mlingoti, magoti nimeyakaza, nikaanguka puu! Afande akaniinamia: "Kuruta, chezesha vidole ndani ya buti!" Kumbe misuli ya miguu ikicheza husukuma damu juu. Yangu ilikuwa imelala, kichwa kikakosa damu. Basi mwili wenyewe ukanilaza chini, damu ikafika kichwani bila kupanda. Nani aliufundisha akili hiyo?

Hata leo wimbo wa taifa ukipigwa, watu wananiona nimetulia tuli. Hawaoni vidole vyangu.

Bibi yako anayekuwaza